Furu wangu wamepauka, na mmoja kidevu kimevimba: nifanye nini?

"Ninaishi Ilemela, Mwanza. Wiki tatu zilizopita nilinunua furu wanane kwa vijana waliowatoa kwenye miamba ya kisiwa cha jirani. Watano walikuwa wekundu mgongoni na manjano ubavuni, mmoja wa buluu, na wawili wa kijivu nilipewa nyongeza. Niliwatia kwenye tangi la kioo la lita 60 lenye filta ya sponji. Siku ya tatu maji yakawa meupe, na wiki hiyohiyo wakafa wawili wekundu. Tangu hapo nabadilisha maji yote kila siku na filta naiosha kwa sabuni. Waliobaki wamepauka, isipokuwa mwekundu mmoja anayewafukuza wenzake kutwa. Sasa mmoja wa wale wa kijivu ana siku ya tano hali chakula, kidevu kimevimba, na anatafunatafuna mdomo mtupu. Jirani anasema niweke chumvi na dawa ya buluu. Dukani wanasema ninunue chakula cha kuongeza rangi. Mume wangu anasema niwarudishe ziwani yaishe. Nifuate lipi? Na je, naweza kuwachanganya na goldifishi wa binti yangu, ambao wana mwaka mzima na hawajawahi kuumwa?"

Dada, kabla ya yote, usimtie dawa huyo wa kijivu. Haumwi. Ni jike, na hicho kidevu kilichovimba kimejaa mayai.

Furu wa Ziwa Victoria huatamia kinywani. Jike hutaga mayai machache juu ya jiwe na kuyaokota papo hapo. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, nyuma ya tumbo, yanayofanana mno na mayai. Jike hulisogelea pezi hilo, na hapo ndipo mbegu za dume zinapoingia mdomoni mwake na kuyarutubisha mayai. Kuanzia hapo hufunga mdomo kwa wiki mbili hadi tatu, hali au anadonoa kidogo sana. Huko kutafuna unakokuona ni kuyageuzageuza mayai yapate hewa. Furu mgonjwa wa tumbo utamtambua kwa dalili nyingine: huvimba tumbo, si kidevu, hutoa kinyesi cheupe kirefu kama uzi, na hujibanza pembeni akihema haraka. Huyo wako, kwa ulivyoeleza, kimevimba kidevu tu. Mwache. Akishtushwa sana anaweza kuyatema mayai au kuyameza, na ikitokea hivyo usijilaumu. Majike wanaoatamia kwa mara ya kwanza hufanya hivyo hata katika tangi zuri.

Sasa tuje kwa waliokufa na waliopauka. Watu wengi wangeyachukulia haya kuwa tatizo moja. Ni mawili tofauti: vifo vimeletwa na maji, na kupauka kumeletwa zaidi na jinsi samaki wenyewe wanavyoishi ndani ya lita 60. Ukiyachanganya utanunua dawa ya hili ukitibu lile, na hayatapona yote mawili.

Nianze na maji, kwa sababu hayo ndiyo yanayoua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua muda wote, na chakula kinachobaki chini huoza na kutoa amonia zaidi. Ziwani hiyo si kitu, maji ni mengi. Ndani ya tangi inabaki palepale mpaka iliwe na bakteria. Kundi moja la bakteria huibadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huiharibu damu ya samaki isibebe oksijeni, ndiyo maana unaweza kumwona anapumulia juu ya maji wakati pampu ya hewa inafanya kazi vizuri kabisa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Bakteria hawa hawako majini kwa wingi. Wanaishi juu ya mawe, mchanga, na zaidi ya pote ndani ya sponji ya filta. Tangi jipya hawana. Huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na wewe uliingiza samaki wanane wakubwa siku ya kwanza.

Weupe ulioona siku ya tatu ni bakteria wa aina nyingine, wale wanaoshamiri pakiwa na uchafu mwingi. Kwa wenyewe hawaui samaki. Wanakuonyesha tu kwamba taka ni nyingi kuliko tangi linavyoweza kumudu.

Yapo mambo mawili ya hapa kwetu yanayofanya hali iwe ngumu zaidi. La kwanza ni pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji. Maji ya Ziwa Victoria kwa kawaida yapo juu ya 7, na kuna mahali na nyakati hupanda hadi karibu 9. Amonia ina maumbo mawili, na moja ndilo lenye sumu kali. Katika joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika umbo hilo baya. Yakifika 8 ni kama asilimia 5. Yakifika 9 ni zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana ushauri wa video za ughaibuni, unaotolewa na watu wanaofuga samaki wa Amazoni kwenye maji laini, unaweza kukudanganya. Kiasi kilekile cha amonia ambacho kwao kinavumilika, kwa furu ni hatari.

La pili ni klorini. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani humohumo, kwa hiyo kwa madini yanawafaa furu vizuri. Huhitaji kuongeza chochote. Ila yametiwa klorini ili wewe usiugue, na klorini haichagui bakteria. Ukibadilisha maji yote kwa maji yaliyotoka bombani sasa hivi, halafu ukaiosha sponji kwa sabuni, unawaua bakteria wale walioanza kujijenga. Kila siku unaanza upya siku ya kwanza. Najua ulifanya hivyo kwa kuwapenda, na usafi wa namna hiyo ungefaa kabisa kwa sufuria. Tangi la samaki halitakiwi kuwa safi kiasi hicho.

Basi fanya hivi. Sabuni isiguse tena kitu chochote cha samaki. Sponji ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, na si zaidi ya mara moja kwa wiki mbili. Badilisha theluthi moja tu ya maji, kila siku kwa sasa, baadaye mara moja au mbili kwa wiki. Maji mapya yakae kwenye ndoo pana iliyo wazi kutwa na kucha, ukiweza tia jiwe la pampu ya hewa, klorini itoke; au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Chakula punguza: mara moja kwa siku, kile tu wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Wakikosa chakula siku moja hawafi. Joto la Mwanza linawatosha, kwa hiyo usinunue hita. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja, nunua vipimo vya matone vya amonia na nitriti. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri ni ya thamani kuliko dawa yoyote iliyo dukani.

Na hapa goldifishi wa binti yako wana kazi. Tangi lao lina mwaka, filta yake imejaa bakteria wale unaowahitaji. Kata kipande cha sponji yao, au ikamue juu ya sponji yako. Utaokoa wiki kadhaa. Hatari yake ni kuhamisha vimelea kutoka kwa goldifishi kwenda kwa furu, lakini kwa samaki ambao hawajaumwa mwaka mzima, mimi ningeikubali hatari hiyo. Kuwachanganya wenyewe kwa wenyewe, hapana. Goldifishi ni mzito, ana mapezi marefu, na ametengenezwa kwa maji ya baridi zaidi. Furu dume atayararua mapezi hayo kabla ya jioni.

Sasa rangi, ambayo naona ndiyo iliyokuuma zaidi, na ndiyo sababu ya watu kufuga samaki hawa.

Kwa maelezo yako, hao wekundu inaelekea ni wale ambao mwaka 1985 wanasayansi waliwapa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu, mwaka uleule aliong'atuka. Leo wanaitwa Pundamilia nyererei. Wa buluu huenda ni ndugu yao, Pundamilia pundamilia. Rangi ya dume wa jamii hii haikupakwa mwilini ikakaa. Ni cheo. Dume mwenye himaya, yaani mwenye jiwe lake na nguvu ya kulilinda, huwaka rangi zote. Dume aliyeshindwa huzizima mwenyewe, akajifananisha na jike, kwa sababu kung'aa mbele ya mbabe ni kuomba kipigo. Kuzima huko huanza ndani ya dakika chache, kwa amri ya neva na homoni: chembe za rangi zilizo kwenye ngozi hukusanyika katikati ya seli, na ngozi ikabaki kijivu. Jambo hili limechunguzwa sana kwa jamaa yao wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni. Ukimwondoa mbabe, dume wa pili huanza kung'aa na kufukuza wenzake karibu papo hapo, na mabadiliko hayo yanaonekana hadi ndani ya ubongo wake.

Kwa hiyo madume wako watatu waliopauka hawajapoteza kitu. Wanaishi kwenye chumba kimoja na mbabe, wala hakuna pa kukimbilia. Ziwani dume aliyeshindwa huogelea mita chache akaondoka. Kwako mita hizo hazipo. Anayebanwa hivyo siku baada ya siku kinga ya mwili hushuka, na wiki chache baadaye hufa kwa ugonjwa ambao vinginevyo angeushinda. Sitashangaa kama wale wawili waliokufa walikuwa wameanza kupigwa kabla amonia haijawamaliza.

Chakula cha kuongeza rangi kina ukweli nusu. Wekundu na umanjano hutegemea karotenoidi, na samaki hawezi kuzitengeneza, lazima azile. Ziwani huzipata kwa kula vijidudu na uduvi. Uduvi wa ziwani wabichi, waliooshwa vizuri, au waliokaushwa na kusagwa, vitakupa rangi ileile kwa bei ndogo kuliko kopo la dukani. Lakini ulishe vipi, dume anayeonewa hatang'aa. Na jihadhari na chakula kisicho na maelezo kinachoahidi rangi ndani ya siku tatu. Ipo homoni ya kiume inayotumiwa kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga vya sato ili wote wawe madume, na samaki wa mapambo wakilishwa homoni za namna hiyo hata majike huchukua rangi za kiume. Mwenye jike anayeatamia asijaribu.

Jambo dogo linalosahaulika: sakafu na ukuta wa nyuma. Furu aliyewekwa juu ya mchanga mweupe, taa kali juu yake, hujipausha ili asionekane. Weka kokoto za rangi ya kahawia, bandika karatasi nyeusi nyuma ya kioo, punguza taa. Mawe ya Mwanza hayabadilishi maji, yatumie, ila yasugue na kuyaanika juani wiki nzima kwanza. Usiyachemshe, jiwe linaweza kupasuka. Yapange yakiwa yamekaa juu ya kioo cha chini chenyewe, kisha ndipo umwage kokoto. Furu huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga siku moja litauangukia ukuta wa kioo.

Chumvi ya jirani yako nayo si upuuzi mtupu. Kloridi iliyo ndani yake huizuia nitriti isipenye kwenye matamvua, kwa hiyo gramu 1 kwa kila lita, iliyoyeyushwa pembeni na kutiwa polepole, inaweza kuokoa maisha siku ya dharura ya nitriti. Haisaidii dhidi ya amonia, na haifai kuwa ya kila siku, kwa sababu ziwa lenu lina chumvi kidogo mno. Dawa ya buluu, usiitie kwenye tangi lenye filta kabisa. Inaua bakteria, nawe utarudi ulikotoka.

Nizungumze wazi kuhusu lita 60. Hazitoshi. Madume wanne wa aina hii wanahitaji tangi lenye urefu wa kama sentimita 120 na lita 200 au zaidi, lenye mawe yaliyopangwa hivi kwamba samaki akiwa upande mmoja hamwoni aliye upande wa pili. Kama unaweza kulipata, hilo ndilo jibu la kweli. Kama huwezi, baki na dume mmoja na majike wawili, ukijua kwamba bado ni kujibana, na madume wengine watafutie mfugaji mwenye nafasi. Kubaki kama ulivyo na kungoja "wazoeane" hakutafanya kazi, watapungua mmoja mmoja hadi abaki mbabe. Njia ya tatu ni kuwagawa furu wote na kufuga samaki wa asili wanaoenea kwenye tangi lako. Madimbwi ya msimu ya Tanzania yana vilifishi wa jenasi Nothobranchius, kama guentheri wa Zanzibar, ambao ni wadogo kuliko kidole na rangi zao haziombi radhi kwa furu yeyote. Wanaishi chini ya mwaka mmoja, kwa sababu dimbwi hukauka na mayai hubaki ndani ya tope yakingoja mvua. Mwanao akiwa mdogo, mweleze hilo mapema.

Yule wa buluu ningemtoa kwanza. Majike wa aina hizi mbili wanafanana kiasi kwamba hata mtaalamu husita, na wakiwekwa pamoja huzaana. Wanasayansi waliofanya utafiti kwenye Ghuba ya Mwanza walionyesha mwaka 1997 kwamba jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, na kwamba maji yakichafuka mwanga ukawa hafifu, anashindwa kuchagua. Kwenye Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu zaidi, wekundu na wa buluu wanabaki mbalimbali; ndani zaidi ya ghuba, kwenye maji ya tope, wapo wengi wa katikati. Vifaranga walio mdomoni mwa jike wako yumkini ni wa yule mwekundu, lakini hujui. Wakikua wagawe kama furu tu, usiwape jina.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mume wako, ingawa nia yake ni njema. Usiwarudishe ziwani. Furu wa miamba hawavuki maji ya wazi kwa urahisi, kila kisiwa kina jamii yake, na ukiwamwaga ufukweni Ilemela unachanganya damu za mahali pawili. Isitoshe, ukishatumia sponji ya goldifishi watakuwa wamegusana na vimelea vya samaki wa kigeni, na ugonjwa wowote watakaouchukua watauingiza ziwani. Ziwa hili lilikuwa na aina kama 500 za furu, na baada ya sangara, aliyeingizwa miaka ya 1950, kushamiri miaka ya 1980, inakadiriwa aina kama 200 zilitoweka. Wa miambani waliponea kwa sababu sangara hapiti vizuri kwenye nyufa. Sioni sababu ya kuwaongezea mtihani. Ukinunua tena, waulize vijana wale kama wana kibali, au pita kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya.

Swali ambalo hukuliuliza: maji na magugu ya ziwani. Wako watu wanaochota maji ufukweni kwa kuogopa klorini. Konokono wa magugu hayo hubeba kichocho, na vijidudu vyake huingia kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha. Vikishatoka kwenye konokono huishi siku mbili hivi, lakini konokono mwenyewe akiwa ndani ya tangi anaendelea kuvitoa. Tumia maji ya bomba, acha magugu huko, na mikono ya binti yako isiingie kwenye maji yaliyochotwa ziwani.

Jike akifikisha wiki ya pili, mhamishe usiku taa ikiwa imezimwa, kwa beseni, si kwa wavu, akae peke yake mpaka atakapowatema watoto. Kisha mlishe yeye siku kadhaa kabla ya kumrudisha, maana atakuwa amekonda. Vifaranga watakula chakula kilichosagwa unga tangu siku ya kwanza.

Ikiwa baada ya wiki mbili za utaratibu huu samaki bado wanakufa, au ukaona vidonda, tumbo lililovimba, au kinyesi cheupe cha uzi kwa zaidi ya mmoja, maelezo ya maandishi hayatoshi tena. Mwanza una bahati: kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kipo, na chuo cha uvuvi cha FETA kipo Nyegezi. Wapelekee samaki mgonjwa akiwa hai ndani ya mfuko wenye hewa, pamoja na chupa ya pili ya maji ya tangi. Aliyekufa mpeleke mara moja akiwa juu ya barafu, asigandishwe. Aliyelala majini usiku kucha ameshaoza na hapimiki. Na wewe mwenyewe ukipata kipele kwenye kidole au mkono kisichopona kwa wiki kadhaa, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba unafuga samaki. Kuna bakteria wa matangi, ndugu wa yule wa kifua kikuu, anayeingia kwenye mikwaruzo, na daktari asipoambiwa habari za samaki hatamfikiria.